Oili Nyepesi ya Mzee Ladislaus

Wahenga waliposema sikio la kufa halisikii dawa, hawakumsema kiziwi. Walimsema mtu anayesikia vizuri kabisa, kisha akafanya lile lile alilokatazwa. Mtu wa namna hiyo huchosha, na kijiji cha Litembo, juu milimani, kilikuwa naye: mzee Ladislaus.

Mzee huyu alikuwa na Prado kuukuu aliyoipenda kama mboni ya jicho lake. Mwanawe wa pekee, Nicholaus, alipochumbia huko Lipingo, kando ya ziwa, mzee aliapa kwamba mkwewe atapanda mlima kwa gari la nyumbani, si la kukodi. Wiki ya harusi, yeye na mkewe Hedwiga wakalipeleka mjini Mbinga kwa fundi Salvatory kubadilisha oili.

“Mzee, injini hii imelika,” alisema Salvatory. “Oili nyepesi ni ya injini mpya. Humu ikichemka itakuwa maji, vyuma visagane. Tuweke nzito kidogo, ile ya namba kumi na tano kwa arobaini.”

“Baridi ya Litembo unaijua wewe? Mafuta ya kupikia yanaganda chupani, sembuse oili nzito! Weka nyepesi, gari liwake asubuhi.”

“Lakini utashuka ziwani kwenye joto, halafu upande mlima umepakia watu na mizigo.”

“Gari la nani?” aliuliza mzee. Ubishi ukaishia hapo.

Kweli, kesho yake gari liliwaka mara moja, naye akatamba mtaa mzima. Lakini kila alipopanda kilima, taa nyekundu ya oili ilimkonyeza.

“Baba Nicholaus, turudi kwa fundi,” Hedwiga alimsihi.

Mzee akaibandika taa plasta. Jamani, plasta!

Siku ya harusi, Nicholaus akisubiri Litembo, mzee na Hedwiga walishuka ziwani, wakamchukua bibi harusi, Glorious, pamoja na vyombo vyake vyote. Akaketi mbele na shela lake. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga kama mchi kwenye kinu kitupu.

“Baba, samahani, hii plasta inaziba nini?” aliuliza Glorious, akaibandua. Taa ilikuwa imewaka, nyekundu kama kaa la moto.

“Zima gari, Baba Nicholaus!” Hedwiga alipiga kelele.

“Tunakaribia kileleni!”

Hawakukifikia. Injini ilitoa mlio mmoja wa chuma, ikanyamaza, wala haikuwaka tena.

Zilipita bodaboda mbili, Hedwiga akazisimamisha. Glorious akakumbatia shela lake, akapanda ya kwanza. Hedwiga akapanda ya pili. Mzee alibaki amesimama na suti yake mpya, vyombo vya mkwewe vimejaa garini.

“Na mimi je, Mama Nicholaus? Nani atakaa na gari?”

“Gari la nani?” alijibu Hedwiga, na bodaboda ikaondoka.

Hivyo Nicholaus alifunga ndoa Litembo, na baba yake akawa mlinzi wa chuma kilichokufa mlimani. Alikuwa ameambiwa na fundi, akaambiwa na mkewe, akaambiwa hata na taa. Sikio la kufa halisikii dawa.