Mwito Uliokatika Mwambani

Mtu mmoja alikuwa na shamba la tangawizi mlimani, jina lake Mfinanga, na kila kiangazi watoto wake saba hawakuwa na tegemeo lingine. Juu, kisimani, kibarua wake Sefania aliteka maji, akayamwaga mferejini, akaita, "Haya!" Chini, kwenye birika, kibarua mwingine, mwanamke aitwaye Namkunda, alichota na kunywesha miche. Kati yao ulisimama mwamba usiopitisha sauti, wenye tundu moja tu, na tunduni alikaa mzee Eliapenda. Alisikia mwito, akangoja pumzi moja maji yateremke, ndipo akaurudia kuelekea birikani.

Mfinanga, mtu wa haraka, alimwona mzee mvivu. Kungoja kwa nini? Siku moja akamkataza asingoje, na Namkunda akachota kabla maji hayajafika, akapata matope matupu. Basi Mfinanga akamwacha mzee angoje kama zamani, aibu ikamshika.

Lakini miaka haina adabu, jamani. Koo la Eliapenda lilijaa makovu. Kwanza mwito ulichelewa. Kisha katika miito mitatu, mmoja ukapotea. Mwishowe asubuhi moja sauti ikakatika kabisa. Sefania hakujua lolote. Aliteka, akaita, akaita tena. Mfinanga alipofika mwambani na kumkuta mzee anapanua kinywa bila sauti, alielewa kwamba chini hakuna aliyeitwa. Akateremka mbio huku analia, maana alijua jua lile halisamehe, na watoto wale watakula nini?

Akamkuta Namkunda anachota. Polepole mno, nusu ya mwendo wa kawaida, lakini anachota, na kujiitia mwenyewe kwa sauti ndogo. Miche ilikuwa imenyong'onyea, haikufa.

"Nani amekuamuru?"

"Hakuna, baba. Nilisikia kimya, nikasema nikingoja kuitwa, miche hii itakufa."

Mfinanga alivua kofia. Mwanamke yule hakuwahi kufundishwa na mtu kujiitia. Jioni ile ile akamweka kijana mwenye kengele kando ya mzee, aupitishe mwito kwa kuigonga, kwa kuwa mwendo ule wa polepole ungeokoa shamba, lakini usingewalisha watoto.

Nawaambia, moyo wa mtu una mwamba huo na tundu hilo. Huzeeka, hushika kovu, mwito wa juu ukakatika njiani, na chumba cha chini kikaanza kujiitia, polepole, ili mwenyewe asife. Weka mkono kifuani, ndugu yangu: hicho kinachodunda, ulikiamuru lini?