Kokoto Nyeupe za Kapteni Fisi

Mwaka ule jua lilikausha mito yote, kikabaki kidimbwi kimoja tu bondeni. Nyani wa mlimani wakaapa kukitwaa. Nungunungu, ambaye watoto wake walinywa hapo, alikuwa akiilinda njia ya maji bila kuombwa wala kushukuriwa.

Simba, kwa majivuno yake, akataka jeshi lenye maafisa. Sungura akamletea jambo la kisasa: mtihani wa mapendeleo.

"Mfalme, tutawauliza wanapenda nini. Anayependa, kokoto nyeupe, asiyependa, nyeusi. Mwenye nyeupe nyingi ndiye aliyezaliwa afisa."

"Na jinsi tunavyopigana hamtaangalia?" akauliza Nungunungu.

"Mzee, hayo ya kizamani," akacheka Sungura.

Asubuhi hiyo Fisi alikuwa amempelekea Sungura mzigo wa majani ya kunde, akafundishwa majibu yote.

"Unapenda kula baada ya askari wako?" Sungura akamwuliza mbele ya Simba.

"Mno!" akasema Fisi, udenda ukimchuruzika. Nyeupe.

"Kutangulia vitani?"

"Ndiyo raha yangu!" Nyeupe tena.

Ikafika zamu ya Nungunungu. "Unapenda vita?"

"Mwenye akili gani anapenda vita?" Nyeusi.

"Kuamrisha?"

"Napenda kuchimba mizizi na kuachwa nilale." Nyeusi.

Fisi akawa kapteni. Nungunungu akapewa upawa agawe chakula. Miiba ilimsimama kwa hasira, lakini akaushika.

Chakula kilipoiva, Fisi akawahi mbele.

"Rudi nyuma, afande. Unapenda kula wa mwisho, kokoto zimesema," akasema Nungunungu, upawa mkononi.

Simba, mwenye kuutukuza mtihani wake, akaafiki. Siku mbili Fisi akaambulia makombo. Ya tatu, upepo ukaleta harufu ya mzoga. Kapteni akaacha lindo, akawaacha na askari midomo wazi. Saa ileile nyani wakashuka.

Nungunungu akatupa upawa, akawaamuru askari. "Ngiri, kushoto! Pofu, kaa hapo na pembe zako, na ukikimbia nitakuchoma mimi!" Mwenyewe akaiziba njia kwa mgongo wake. Nyani wa mbele alipotobolewa pua, wenzake wakageuka mbio.

Fisi akarudi tumbo limemvimba. Kucha za Simba zilipomgusa shingo, akabwata, "Sungura ndiye aliyenifundisha kujibu!" Wakatimuliwa wote wawili, huku Sungura akipiga kelele kwamba mtihani wenyewe hauna kasoro.

Simba akamgeukia Nungunungu. "Je, unapenda kuwa kapteni?"

"Sipendi hata chembe. Ila nyani watarudi jioni, na umesimama pale ninapotaka kuchimba handaki. Sogea, Mfalme."

Mfalme akasogea.