Majirani Wasiotoka Nje

Jua la mwaka ule halikuwa na adabu hata kidogo. Lilikausha mto mpaka kambale wakawa wanaazimana mate, likaunguza nyasi zote za bondeni, na asubuhi moja Sungura akafumbua macho akamkuta mkewe ameketi juu ya mzigo, watoto wamepangwa mstari, wote wanamtazama yeye.

"Baba Kijino," mkewe akasema, "sisi tunahama. Utafuatana nasi, au tukuachie salamu?"

Sungura akajitwika mzigo.

Ng'ambo ya kilima kulikuwa na vitongoji viwili, Vumbini na Kivulini, kijito kikavu katikati. Vyote vilikuwa na kisima, na vyote vilikuwa milki ya Simba, ambaye kila alasiri alipita Vumbini akienda na Kivulini akirudi, si kwa kazi yoyote, bali kupokea shikamoo tu. Ilibaki kuchagua pa kulelea watoto.

Walianza na Vumbini. Hawajafika hata kwenye kibanda cha kwanza, Mama Kanga akawatokea mbio, madoa yote yakitetemeka.

"Karibuni! Mmetoka wapi? Mnahamia? Hawa wote wenu? Na huyu kitinda mimba mbona sikio moja limelala, mmemwonyesha mganga?"

"Kijino kazaliwa hivyo," Mama Kijino akajibu kwa meno yaliyobana.

"Maskini! Na baba yao ana kazi, au ana masharubu tu?"

Nyuma yake Nguchiro na Nungunungu walikuwa wakigombea ufagio, na watoto wa Ngedere wakitupiana maganda. Ghafla Simba akapita. Ugomvi ukakatika, kila mtu akatoka nje akainama. "Shikamoo, Mzee!" Simba akageuza shingo taratibu, manyoya yapate upepo. "Marahaba." Alipokwisha kupita, ufagio ukagombewa upya.

"Hapa silei mtoto," Mama Kijino akanong'ona. "Huyu Kanga atazijua nguo zangu za ndani kabla sijafungua mzigo."

Wakavuka kijito. Ng'ambo wakampata Fisi, dalali wa Kivulini, amejipaka mafuta anang'aa.

"Shemeji zangu!" akasema, akiwatazama watoto mmoja mmoja, kwanza mapaja. "Lo! Watoto wamenona hawa! Yaani, wamelelewa. Mahali penu ni Kivulini."

Na kweli palikuwa pazuri. Miti ya kivuli, nyua zimefagiliwa, nyumba safu moja, milango imefungwa vizuri. Kimya mpaka unamsikia sisimizi akikohoa.

"Na ada yako ya udalali?" Sungura akauliza.

"Ada ya nini, shemeji? Nyinyi hamieni tu. Hata leo hii."

Masikio ya Sungura yakasimama yenyewe. Fisi huyu huyu, aliyewahi kula kamba ya ngozi iliyomfunga mbuzi wa mwenziwe kisha akadai bakshishi ya kumfungua, leo hataki ada?

"Ngoja kwanza tuwaamkie majirani," Sungura akasema.

"Vizuri sana! Nitangulieni, mimi najisaidia kidogo huko nyuma." Fisi akapotelea uani.

Mlango wa kwanza. "Hodi!"

"Karibuni," ikajibu sauti nyembamba. "Ila sitoki, wanangu. Niko eda. Mume wangu kafa."

"Pole sana, bibi," Mama Kijino akasema kwa huruma.

Mlango wa pili. Pakapita kitambo. "Hodi!"

"Ka... karibuni," sauti ikahema. "Nimejifungua juzi, sijamaliza arobaini. Sitoki."

Mlango wa tatu: "Karibuni! Mimi mwari, nimefungiwa ndani, nikionekana kungwi ataniua."

"Unaona?" Mama Kijino akafurahi. "Mtaa mzima una mila zake! Na hapana hata mmoja aliyeuliza sikio la mwanangu."

"Hapana hata mmoja," Sungura akaitikia, akijikuna. Mtaa mzima, na hakuna mwenye haja hata ya kuchungulia? Akarudi mlango wa pili. "Mama mzazi, hebu tumsikie mtoto akilia, tumwombee heri."

Uani nyayo zikapita mbio. Kisha: "Ngaa," likalia jitu lenye koo pana kama mtungi.

Sungura akaugeukia ukoo wake. "Sikilizeni. Kila mmoja achukue mlango wake. Nikikohoa, wote pigeni hodi."

Akakohoa. Hodi zikapigwa safu nzima kama mvua ya mawe. Nyuma ya nyumba zikasikika nyayo zikikimbia huku na huko, sufuria zikianguka, na sauti zikaanza kuchanganyikiwa. Mjane akasema kajifungua jana. Mwari akamlilia marehemu mumewe. Mzazi akasema yeye ndiye kungwi. Na kitoto kichanga kikauliza kwa sauti nzito, "Nani mwenzangu?"

Mama Kijino akaanza kuwahesabu wanawe.

Hapo mlango wa mwisho, alipokuwa amesimama Kijino, ukafunguka. Alikuwa Fisi, amejitanda shuka jeupe la eda, ulimi nje, amechoka kuigiza. "Karibu, mwanangu," akasema, mate yakimdondoka. "Karibu mpaka ndani." Akamshika lile sikio lililolala.

Sungura akatazama huku na huku. Kupigana na Fisi hawezi, na mtoto yu mkononi. Pale pale akamwona Simba anarudi njiani, kidevu juu.

"Mzee!" Sungura akapaza sauti. "Kivulini wamekataa kutoka kukusalimu!"

Simba akasimama. "Hawa huniamkia wakiwa ndani, vichwa sakafuni. Fisi kaniambia ni kwa heshima iliyozidi."

"Basi ingia uwaone vichwa, Mzee. Heshima kama hiyo yafaa kutazamwa!"

Jambo hilo likamkolea Simba. Akasukuma mlango wa kwanza: mifupa. Wa pili: mifupa. Wa tatu: mifupa, na kijiko. Akafika wa mwisho. Fisi akamwachia Kijino, akajivuta shuka usoni.

"Shi... shikamoo, Mzee," akasema kwa sauti ya mjane.

"Mwaka mzima," Simba akanguruma, "mwaka mzima nimekuwa nikiitikia shikamoo za mtaa mzima, kumbe ni wewe peke yako?" Waliokufa hakuwataja. Akampiga Fisi kofi la kiunoni, na mpaka leo mgongo wa Fisi umeteremka. Fisi akatimua mbio porini, shuka likimfuata.

Kijino akapiga kelele kubwa. Papo hapo ng'ambo wakatoka Mama Kanga, Nguchiro na Nungunungu, wote na ule ufagio, wakivuka kijito. "Nani kamliza mtoto? Mtoto wa nani? Kafanywa nini?"

Mama Kijino akaubeba mzigo wote peke yake. "Wa kwangu, jirani," akasema. "Nipatie kibanda cha karibu nawe, nami nitakujibu yote, moja moja."

Basi nawe unayetafuta pa kulea, usihesabu miti ya kivuli. Mlize mwanao kidogo, uone nani anatoka nje.