Ungo wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Na jiwe!

Juu ya jiwe?

Na Pimbi!

Pimbi na nani?

Na Pimbi!

Ndiyo hivyo, alikuwa peke yake, maskini. Juu ya jiwe lile alifungua Kituo cha Kuchunguza Anga. Mkurugenzi Pimbi. Mlinzi Pimbi. Mpishi Pimbi. Akiamka anajisalimia mwenyewe: "Habari za asubuhi, mkurugenzi?" "Nzuri, mlinzi. Kuna mgeni?" "Hakuna."

Kituo chenyewe kilikuwa ungo mmoja wa bati, mkubwa kuliko mlango, umetazama juu. Pimbi aliuzungusha miaka na miaka, kriii, kriii, mpaka siku moja ukanasa sauti ya nyota ya mbali. Ti… ti… ti… Akaruka! Akageuka amwambie mtu. Hakuna mtu.

Akasema, "Lazima niite wadau."

Akapika pilau, akatuma mwaliko bondeni: njooni msikie nyota. Wanyama wakaja, puku, puku, puku. Chini ya jiwe wakamkuta Fisi amekaa katikati ya njia.

"Wapi hiyo, jamaa?"

"Kwa Bi Pimbi. Tumealikwa."

"Kwa Pimbi! Mmeuona ungo wake? Mnajua nani hupaa na ungo?"

Kila mtu anamjua anayepaa na ungo. Wakageuka mbio, puku, puku, puku! Fisi akapanda peke yake. Nyam, nyam, nyam, sufuria jeupe.

"Wadau wako wapi, Bwana Fisi?"

"Wadau ndio mimi."

"Basi sikiliza kidogo, hata mara moja tu."

"Nimeshiba mno. Siku nyingine."

Pimbi akaita tena. Wanyama puku, puku, Fisi njiani, ungo, mchawi, puku, puku nyumbani, na Pimbi kule juu akasikia kila neno. Nyam, nyam, nyam. "Wadau ndio mimi. Nimeshiba mno. Siku nyingine." Safari hii Fisi akaugonga ungo kwa ukucha, ng'aa!

"Bati zuri hili. Nikija tena nalichukua, linifae kwa sinia."

"Bwana wee! Bila ungo nitasikia nini?"

"Utanisikia mimi," akasema Fisi, akashuka akicheka.

Pimbi akalia. Hakulilia pilau, alililia ile ti… ti… Ndiyo sauti pekee iliyomfikia kila siku bila kukosa.

Halafu akafikiri. Ungo unaokusanya sauti ndogo kutoka mbali, si utaweza pia kuirusha mbali sauti iliyo karibu? Lakini akisema yeye, bondeni watasema mchawi anaita. Na akiugeuza ungo, nyota inapotea. Kuipata tena, Mungu anajua. Akakaa kitako, akausikiliza mlio wake kwa muda mrefu. Kisha akaugeuza utazame bonde. Kriii. Ti ikakatika.

Akapika masufuria mawili, moja akalificha. La pili akaliweka mbele ya ungo, akatuma mwaliko. Fisi akawatisha wageni kama kawaida, akapanda, akaingiza kichwa kwenye sufuria, mdomo umeelekea bati.

Bondeni wakasikia: NYAM! NYAM! NYAM!

"Bwana Fisi," Pimbi akamnong'oneza, "wewe ni mjuzi. Hivi kweli mimi ni mchawi?"

"Wewe? Uchawi uutoe wapi? Hili ni bati tupu! Nawatisha wale wajinga ili nile peke yangu. Yule Punda ndiye kiboko yao: ukimwambia amekufa, atauliza kaburi lake liko wapi! Hi-hi-hiii!"

Bonde zima likajaa hi-hi-hiii. Punda akasimamisha masikio. "Kaburi langu?" Wakapanda wote, vumbi timtimu, na Fisi akaruka upande wa nyuma, pwaa! na sufuria kichwani.

"Pole sana, Bi Pimbi," wakasema wadau. "Kuna kilichobaki?"

Pimbi akatoa sufuria la akiba. Wakala, wakauliza kama kuna fulana za mkutano. Kisha wakasema, haya, hiyo nyota. Pimbi akaurudisha ungo juu. Wakasogeza masikio. Shhhhh. Bati tupu.

"Nimeisikia!" akasema Punda, kwa adabu. "Nzuri sana!"

"Nzuri sana!" wakasema wote. Wakapiga makofi, wakashuka. Puku. Puku.

Pimbi akabaki na vyombo vichafu. Akauzungusha ungo, kriii. Shhh. Kriii. Shhh. Jiwe halijapata kuwa pweke namna ile hata kabla ya wageni.

"Hodi," kitu kikasema miguuni pake.

Alikuwa Bibi Konokono.

"Karibu, bibi! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa?"

"Kwa mwaliko upi, bibi?"

"Ule wa kwanza. Nilitoka siku ileile."

"Na Fisi hakukutisha?"

"Alinitisha sana. Lakini kugeuka nako ni kazi, nikaona bora nije nirogwe."

"Pilau limekwisha, bibi."

"Sikuja kula. Nimeambiwa una sauti."

Sasa, wenzangu, Konokono hana masikio. Pimbi alitaka kumwambia, akashindwa. Konokono akapanda juu ya bati, akalaza tumbo.

"Zungusha, mwanangu. Bado. Bado. Umepita, rudi. Hapo! Inanigonga tumboni."

Pimbi akaweka sikio. Ti… ti… ti…

"Ndiyo yenyewe?" akauliza Konokono.

"Ndiyo yenyewe, bibi," akasema Pimbi, machozi yakimtoka. Wakasikiliza wawili.

Funzo? Mkiitisha mkutano wa wadau, mwalikeni Fisi, maana bila mdomo wake jiwe halijai. Na ukitaka kusikilizwa, mngoje asiye na masikio.

Ngano yangu imeshuka jiwe. Juu ya jiwe kuna nani?

Na Pimbi!

Pimbi na nani?