Aliyeibakisha Sauti ya Malogo

Hapo zamani, wala si zamani ya kusahaulika, upande wa Ugogo aliishi mzee Malogo, mpiga zeze, na mkewe Sechelela. Malogo akaugua. Mkono wake wa kushika upinde ukaanza kutetemeka. Akasema mbele ya watu, "Nikifa, zeze langu apewe atakayenibakishia sauti."

Desturi ya kijiji chao ilikuwa hii: siku ya kuanua matanga, zeze la marehemu hupata mwenyewe mmoja. Si wawili. Likikosa mwenyewe, hukatwa nyuzi.

Jirani yao Ndahani alikuwa na kimashine cha kusikilizia nyimbo, kidogo kama kiberiti, ambacho pia kilinasa sauti. Akataka kulinasa zeze la mzee, lakini kilikuwa kimejaa. Alifuta nyimbo zote, nafasi haikutosha. Ikabaki sauti ya marehemu mkewe. Siku moja mkewe alikisahau jikoni kikiwa kinanasa, akashinda anagombeza kuku, anaimba nusunusu, anamwita mumewe alete chumvi. Kila alasiri Ndahani aliisikiliza.

Akaisikiliza mara moja tena. Akaifuta.

Kesho yake Malogo akaketi uani na zeze lake. Upepo ulikuwa mkali.

"Upepo ukiingia humu, tutasikia upepo tu," Ndahani akasema.

Chiloleti, mwanamke aliyempigia Malogo ngoma tangu usichana, akaiweka ngoma chini. Akakizungushia kimashine khanga yake na kukishika karibu na zeze.

"Na ngoma?" Malogo akauliza.

"Itanisamehe, babu."

Malogo akapiga mpaka mwisho. Ndahani akakiweka kimashine sikioni. Kimya. Alikuwa amebonyeza kitufe mara moja, na chenyewe kilitaka mara mbili. Ukibonyeza mara moja, kinasubiri tu, taa inawaka na kuzima.

"Chiloleti, hukuona taa inapepesa?"

"Niliona. Nilidhani inafuata mdundo."

Malogo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Basi, wanangu. Mkono haunyanyuki tena."

Kwenye uzio alikuwa amesimama Lechipya, kaka yake Malogo. Hawakuwa wakisemezana tangu baba yao alipomruka mkubwa na kumpa mdogo zeze hilohilo. Alikuja kumwona mgonjwa, akashindwa kuingia. Sasa akaingia. Akaketi nyuma ya ndugu yake, akaweka kiganja chini ya kiwiko chake.

"Unanisukuma," Malogo akasema.

"Nakushika. Piga."

"Hata leo unataka kunifundisha."

"Hata leo. Piga, mdogo wangu."

Ndahani akabonyeza mara mbili. Chiloleti akashika khanga. Lechipya akaubeba mkono, ukienda anaenda nao, ukirudi anarudi nao, mpaka wimbo ukaisha. Safari hii sauti ilinaswa.

Kabla mwezi haujaandama tena, Malogo akafariki.

Siku ya kuanua matanga Sechelela aliliweka zeze mkekani. Mwenye kisu cha kukata nyuzi alikuwa ameketi kando.

Ndahani akasema, "Mama, mke wangu nilimzika, kisha nikamfuta. Sasa nyumba yangu iko kimya. Nipe zeze, angalau kuwe na kitu kinacholia ndani."

"Wewe hata filimbi ya bua huiwezi," Chiloleti akasema.

"Nitajifunza."

"Utawakimbiza mbuzi wetu." Kisha akamgeukia Sechelela. "Bibi, nimempigia mzee ngoma maisha yangu yote. Umebaki wimbo mmoja tu, na ngoma yangu haimo. Watakaousikia hawatajua kama niliwahi kuwapo."

"Na ile taa?" Ndahani akauliza.

"Na kile kitufe?"



"Shemeji," Sechelela akamwambia Lechipya, "nawe sema."

"Nilikuja kwa ajili ya mkono wake, sikulifuata zeze. Lakini ukiniuliza kama nalitaka, siwezi kukudanganya. Nimelitaka tangu likiwa kwa baba."

"Ungekuja mapema," Chiloleti akasema, "ungemkuta ana nguvu."

"Kweli," Lechipya akajibu.

Sechelela akaomba wimbo upigwe. Wakasikia zeze. Chini yake wakasikia pumzi za wazee wawili, zikienda pamoja. Upepo haukuwamo. Ngoma haikuwamo. Wimbo ulipokwisha, Sechelela aliomba urudiwe, na hapakuwa na aliyekataa.

Kisha akalinyanyua zeze, akawatazama.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie walitumie kwa zamu. Hilo hata wao walikatazwa. Zeze ni moja, mwenye kisu anangoja. Yupo aliyeifuta sauti ya mkewe, yupo aliyeiacha ngoma yake, yupo aliyeubeba mkono wa ndugu yake. Je, ungekuwa wewe ndiye Sechelela, ungemkabidhi nani?