Fremu ya Bi Kazija

Bi Kazija binti Mbwana, mpika vitumbua wa Pangani, alipanga nyumba ya Bwana Khelefu bin Masudi. Fremu ya mlango ikalegea, na ukuta wa pembeni ukamomonyoka. Bwana Khelefu akaja kumwambia, "Tengeneza mwenyewe, au Ijumaa uhame."

"Vyema, bwana. Hebu nishikie fremu hii, nikakutilie chai."

Akaishika kwa mikono miwili. Bi Kazija akachukua ufagio uliokuwa umeegemea pale mlangoni, akaingia nao ndani. Mara udongo ukaanza kummwagikia bwana kwenye kofia.

"Bi Kazija, ukuta unakuja."

"Usiachie, bwana, utakufunika. Sukari nikutilie vijiko vingapi?"

Jirani yao Semboja akapita. "Shikamoo, Bwana Khelefu. Leo umekuwa nguzo?"

"Marahaba. Kamwite fundi upesi, nitalipa mimi."

Fundi akaja, akakaza fremu na kuziba ukuta kwa saruji. Bwana Khelefu akaketi kunywa chai iliyokwisha kupoa.

"Kabla sijaja, fremu ilishikwa na nani?"

"Na ufagio, bwana."

"Mbona hukuurudisha?"

"Ufagio unashika vizuri hata kukushinda wewe, bwana. Ila haujui kumwita fundi."