Dada Aliyening'inia Shimoni

Kuna watu ambao hawajawahi kuvuna hata punje moja, lakini hebu waulize habari za majembe. Watakueleza mpini upi hauchubui kiganja, bapa lipi linakata mizizi migumu na duka lipi linauza rahisi, mpaka mvua ikatike. Watu hao si wavivu, na hapo ndipo wanapotuchanganya. Wanatoka jasho kama wengine, ila jasho lao halidondoki shambani. Wahenga waliwaona zamani wakawasema kwa maneno machache: mchagua jembe si mkulima. Kisa cha Fundi Miwani kinaithibitisha methali hiyo, ingawa yeye hakuwahi kulima hata tuta moja, na shamba lake lilikuwa meza.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani kwa sababu alikuwa na duka dogo la kupima macho na kutengeneza miwani. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi na maneno ya kuhesabika. Lakini Jumamosi mchana, akishateremsha mlango wa duka, chumba cha nyuma kiligeuka nchi nyingine. Aliisogeza mashine ya kusagia lenzi, akafuta vumbi la kioo mezani, na watu watatu wakaketi kuizunguka meza: dada yake mkubwa, ambaye alikuwa mkunga, mume wa dada, aliyekuwa dereva wa lori, na jirani yao Kinyozi.

Walicheza mchezo wa kusimulia. Fundi ndiye aliyekuwa msimulizi. Aliumba nchi, akaijaza milima, wafalme na majambazi, akawasemea wote kwa sauti zao. Wenzake kila mmoja alikuwa na mhusika wake ndani ya hadithi. Dada alikuwa mpelelezi mwepesi, apandaye kuta kama mjusi. Shemeji, mtu wa miraba minne, alikuwa mganga asiyependa ugomvi. Kinyozi alikuwa shujaa mwenye upanga mrefu na woga mrefu zaidi. Kila mmoja alisema anachotaka kufanya, akarusha dadu, na dadu ikaamua kama amefaulu au ameumbuka.

Kwa ndugu wale wawili, huo haukuwa mchezo tu. Baba yao alipofariki, Fundi alifunga mdomo. Alikula kidogo, akaitikia salamu, basi. Dada alimvumilia kwa muda, kisha siku moja akaingia dukani na dadu mkononi, akaketi kwenye kiti cha wateja na kusema, "Nisimulie kitu. Chochote kile, hata uongo." Fundi akaanza kwa kusitasita, na tangu siku hiyo ulimi wake ukapona. Kwa hiyo Jumamosi zile zilikuwa dawa, na wote wawili walijua bila kuambiana.

Hadithi ilikua mpaka ikakaribia kilele. Ufunguo wa lango la mji ulikuwa umeibwa na kutupwa shimoni, na watu wote walikuwa wamefungiwa ndani ya kuta. Mpelelezi wa Dada akashuka kwa kamba kuufuata. Taa yake ikazimika. Kamba ikaanza kukatika uzi mmoja mmoja. Hapo Fundi akakusanya dadu na kutabasamu kwa ukatili. "Tutaendelea Jumamosi ijayo," akasema, na wenzake wakamzomea kwa furaha.

Jumamosi hiyo haikufika.

Chanzo kilikuwa programu. Fundi alihifadhi habari zote za nchi yake kwenye kompyuta, katika programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Kila mhusika alikuwa na ukurasa wake, kila mji ukurasa wake, na ukibofya jina la mfalme unapelekwa kwenye ikulu yake. Ilikuwa programu nzuri. Wiki ile akaona nyingine, ambayo ramani yake ilibadilika rangi kulingana na majira. Akahamisha kila kitu. Kabla hajamaliza kupanga, akasikia sifa za ya tatu, iliyochora miti ya koo yenyewe. Akahamia huko, na katika kuhama koo zikavurugika, hata mfalme mmoja akaonekana kuwa mjukuu wa farasi wake. Kurekebisha ukoo wa mfalme na wa farasi kulimla wiki kadhaa. Kisha ikaja ya nne, yenye kalenda ya nchi iliyo na miezi miwili angani. Nani angeikataa?

"Jumamosi hii vipi?" wenzake waliuliza.

"Bado napanga. Nikimaliza tu, mtafurahi wenyewe."

Na kweli alikuwa akipanga. Aliandika bei ya chumvi katika kila soko. Aliandika ukurasa wa paka wa mwenye nyumba ya wageni. Macho yalimwuma, yeye ambaye kazi yake ilikuwa macho ya watu. Hivyo ndivyo mwaka mzima ulivyokatika, na Dada angali ananing'inia.

Ndipo Dada akapata kazi katika hospitali ya nchi ya mbali, mkataba wa miaka. Ilikuwa neema, na familia ilishukuru. Lakini siku za kuondoka zilipokaribia akapita dukani akiwa bado na viatu vyake vya kazini, akaketi chini ya bango la kupimia macho, lenye herufi zinazopungua ukubwa.

"Mdogo wangu, Jumanne naondoka."

"Najua, dada."

"Na bado naning'inia."

Fundi akainama, akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi. "Nipe wiki mbili tu. Nimepata programu nyingine, hii ndiyo yenyewe hasa. Ukiona inavyopanga..."

"Wiki mbili nitakuwa wapi mimi?" Dada akamkatiza, bila ukali. "Hebu niambie. Mteja akikaa kwenye kiti hiki, ukamwuliza, ya kwanza au ya pili, naye akachagua lenzi mpaka jioni, utamwambiaje?"

"Nitamwambia achukue mojawapo, aende nyumbani akasome."

Dada akamtazama tu. Fundi akaelewa, masikio yakamwaka moto. Hata hivyo kuelewa na kutenda havilali kitanda kimoja.

"Jumapili mchana tunakuja," Dada akasema akinyanyuka. "Uwe tayari usiwe tayari, tunakuja."

Walikuja kweli. Shemeji alibeba viti viwili kwa mkono mmoja, Kinyozi akaja na nywele za wateja mabegani. Wakamkuta Fundi ameinamia kompyuta. Kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa ukitambaa polepole kama konokono mwenye mawazo: programu ya tano ilikuwa ikipokea mizigo ya ile ya nne.

"Inahama tena?" Shemeji akauliza. "Nchi hii, shemeji, imehama mara nyingi kuliko mpangaji mwenye madeni. Sisi wananchi wake tumechoka kubeba magodoro."

"Ikikatizwa itaharibika," Fundi akajitetea.

"Usiikatize," Dada akasema. "Iache ihame. Sisi tupo hapa. Mimi naning'inia kwenye kamba, taa imezimika. Chini yangu kuna nini?"

Fundi akaitazama kompyuta kama mtoto anayemtazama mama yake mbele ya mwalimu, na kompyuta ikaendelea na mambo yake.

"Sijui," hatimaye akasema.

"Hujui?"

"Ukurasa wa shimo hauna kitu. Nimeuhamisha kila mara, mtupu hivyo hivyo." Akaendelea: "Tulianza vizuri mno. Nikaogopa mwisho wangu utakuwa mbovu, mtaondoka hapa mkisema kumbe ni haya tu. Kila nilipotaka kuuandika, nilitafuta kwanza mahali bora pa kuuandikia."

Fundi akasubiri lawama. Aliona haya, na alistahili kuona haya, maana siku mbili tu zilibaki na alikuwa amepoteza mwaka.

"Basi ni hilo tu?" Kinyozi akapaza sauti, mikono kichwani. "Hilo tu? Mimi nilidhani umetuchoka! Nimekaa mwaka mzima najiuliza, au ni kwa sababu nilimwua yule farasi wa mfalme mchezoni?"

"Hata mimi," Shemeji akasema, akishusha pumzi iliyojaza chumba. "Nilimwambia dada yako, mdogo wako ametupa kisogo, ila adabu inamzuia kutufukuza."

Fundi akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa amewaza kabisa kwamba kimya chake kingeweza kusikika hivyo masikioni mwa wenzake. "Niwachoke ninyi?" akasema. Kisha akacheka, na kicheko kile kikamtua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake muda wote huo. Akaigeuza kompyuta ielekee ukutani. "Rusha dadu, dada. Unajaribu kupanda. Tuone kama kamba itakubali."

Dada akarusha. Dadu ikaviringika, ikagonga ukingo wa sanduku la fremu, ikalala. Namba ilikuwa ndogo kuliko zote.

"Yarabi," Kinyozi akanong'ona.

"Kamba inakatika," Fundi akasema. Hakujua neno litakalofuata. Akamwona dada yake amekamata ukingo wa meza, mkunga yule ambaye mikono yake hupokea watoto kila siku bila kutetemeka, na vidole vilikuwa vimekakamaa kwa kubana. Akamwonea huruma kubwa. Huruma hiyo ndiyo iliyomfungua kinywa.

"Unaanguka," akasema. "Unaanguka... shubiri moja."

"Nini?"

"Shubiri moja. Miguu yako imegusa sakafu. Ulikuwa gizani, hukuona. Muda wote huo sakafu ilikuwa pale pale chini ya nyayo zako."

Wakatazamana. Kisha Shemeji akaipiga meza kwa kiganja, lenzi zikaruka kwenye visahani vyake, na wote wakaangua kicheko. Kinyozi aliteremka kwenye kiti akakaa chini kabisa. Dada alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha, naye hakuyaficha.

"Mwaka mzima!" akasema akijifuta. "Mwaka mzima mikono inaniuma kwa ajili ya shubiri moja!"

Baada ya hapo hadithi ilimiminika. Shemeji akauliza nani aliyeutupa ufunguo, na Fundi, ambaye hakuwa na habari, akalipata jibu katika lile swali. Kinyozi akasema shujaa wake anarudi nyumbani kwa sababu ya tumbo la ghafla, kisha yeye huyo huyo akawa wa kwanza kuwavamia walinzi. Mambo mengine hayakushikamana. Mfalme aliitwa majina mawili tofauti, na mto mmoja ulitiririka kupanda mlima, lakini hakuna aliyejali. Bei ya chumvi haikuulizwa na mtu. Kabla jua halijashuka lango lilifunguliwa, na watu wa mji wakatoka nje wakitazama uwanda kama wageni.

"Mpelelezi wako anakaa mjini?" Fundi akauliza. "Wanamwomba abaki."

"Anaondoka," Dada akasema taratibu. "Ana kazi mbali. Lakini ufunguo anauchukua yeye. Siku atakayorudi, asibishe hodi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameogopa mwisho kwa muda mrefu, na kumbe mwisho wenyewe haukuwa wake peke yake kuutunga. Kifua chake kilikuwa chepesi. Usiku huo alilala fofofo.

Jumanne wakamsindikiza Dada. Ijumaa, bila kungoja Jumamosi, akawapigia simu ya video kutoka chumba chake kipya, sanduku bado halijafunguliwa, akauliza nani anasimulia. "Mimi," akajibu Fundi, na akaanza pale pale: barabara, vumbi, msafiri mmoja mwenye ufunguo shingoni. Programu zilizomsumbua hazikuwa na kosa lolote, na hata leo anaitumia mojawapo, ile iliyotokea kuwa wazi siku hiyo. Ukimwuliza kwa nini hiyo, atakujibu kwamba hajui, na kwamba ana haraka, watu wanamsubiri mezani. Ukitaka kumjua mkulima, tazama udongo kwenye kucha zake, usisikilize anavyosifu mpini. Kwani mchagua jembe si mkulima.